Pa Kuishi Dar es Salaam: Kupanga na Kujenga Bila Kutegemea Nyumba za Umma

Nyumba za umma zilikuwa chache Dar es Salaam tangu mwanzo, na sasa ni chache zaidi ukizipima na wingi wa watu. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa 1962, mwaka mmoja baada ya uhuru, na kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa kuondoa nyumba za miti na udongo katika maeneo kama Magomeni na kuweka za matofali mahali pake. Kazi hiyo ilikula fedha nyingi, kwa kuwa kila nyumba mpya ilisimama palipobomolewa nyingine, na vyumba mjini havikuongezeka kwa kadiri ya gharama. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyakabidhi kwa Msajili wa Majumba, ofisi ambayo 1990 iliunganishwa na Shirika. Ndiyo maana hadi leo nyumba nyingi ambazo wazee bado huziita za Msajili ziko Upanga, Kariakoo na katikati ya mji, wala si Mbagala.

Miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, mkazo ulihama kutoka kujenga kwenda kupima. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilikatwa viwanja vyenye barabara na maji, mwananchi akaachiwa kujenga mwenyewe. Manzese iliboreshwa bila kubomolewa. Baada ya hapo nguzo ziling'olewa moja moja. Benki ya Nyumba ilianguka 1995. Kuanzia 2002 nyumba za serikali ziliuzwa kwa watumishi wake. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, iliyompa mpangaji baraza la kukimbilia kodi inapopandishwa, ilifutwa 2005 na haijapata mrithi. Ng'ambo ya bahari, majengo marefu ya Michenzani mjini Unguja, yaliyochorwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964, yalitolewa kwa wakazi bila kodi. Mpango wa aina hiyo haukuwahi kufika Dar es Salaam.

Upungufu unaotajwa mara kwa mara na viongozi wa sekta ya nyumba nchini ni wa nyumba milioni 3, na huongezeka kwa takriban 200,000 kila mwaka. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3 Dar es Salaam, na sehemu kubwa yao wanaishi katika maeneo yasiyopimwa. Nyumba za umma bado zinajengwa, lakini kwa kundi linalojulikana kwa majina. Magomeni Kota ni mfano: kaya 644 zilizoondolewa katika kota za zamani zilijengewa maghorofa, yaliyozinduliwa Machi 2022, na wakazi wakapewa nafasi ya kuyanunua taratibu wakiwa wapangaji. Asiyekuwa kwenye orodha ile hakuhusika.

Matokeo yake ni kwamba kinga ya mpangaji imehama kutoka kwenye sheria ya kodi kwenda kwenye karatasi anayosaini yeye mwenyewe, na kwenye hesabu anayopiga kabla ya kusaini.

Hesabu ndiyo ya kutangulia. Watafutaji wengi hulinganisha kodi kwa kodi, kosa ambalo huligundua mwezi wa pili. Ichukuliwe kwamba chumba cha Chanika ni shilingi 50,000 kwa mwezi na cha Manzese ni 90,000. Anayefanya kazi Kariakoo siku 26 kwa mwezi, akipanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi kwa shilingi 700 kila moja, hutumia 72,800 kwa nauli; wa Manzese anayepanda gari moja kila upande hutumia 36,400. Tofauti ya kodi ni 40,000, tofauti ya nauli ni 36,400, na kilichookolewa ni 3,600, ambazo haziwezi kulipia saa mbili za foleni kila siku. Katika nyumba yenye wafanyakazi wawili wanaokwenda mjini, Chanika huwa ndiyo ghali. Hesabu hugeuka kabisa kwa fundi cherehani au mama lishe anayefanyia kazi nyumbani: kwake umbali hauna bei, na chumba kikubwa chenye baraza kina faida kuliko cha karibu. Kwenye hesabu hiyo yaongezwe maji, hasa palipo na mgawo na watu hununua kwa dumu, na bodaboda ya kutoka kituoni usiku, gharama ambayo hakuna dalali anayeitaja.

Gharama ya kuingia ni jambo jingine. Desturi ya mjini ni kulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wakati mwingine mwaka mzima, na kodi ya mwezi mmoja kwa dalali. Chumba cha 100,000 kwa hiyo kinadai 700,000 kabla godoro halijabebwa. Mwenye mshahara wa mwezi hawezi kuzipata kwa kusubiri mshahara, na ndiyo sababu wengi hukopa kwa riba mbaya kila baada ya miezi sita. Dawa ya kawaida, na bado ndiyo bora, ni kuuchukulia mchezo au kikoba kama mfuko wa kodi: mtu hupanga zamu yake ya kupokea iangukie mwezi wa kulipa. Miezi mitatu mitatu inawezekana kujadiliwa kuliko watu wanavyodhani, hasa kwa chumba kilichokaa wazi muda mrefu, na hasa mazungumzo yakifanywa na mwenye nyumba mwenyewe. Dalali hana sababu ya kuyapigania, kwa kuwa ujira wake ni ule ule.

Dalali anafaa kutumiwa kama macho, asitumiwe kama mdhamini. Ada ya kuoneshwa vyumba ilipwe kwa makubaliano ya idadi ya vyumba, na ujira wa mwezi mmoja ulipwe baada ya funguo kushikwa, kamwe si kabla. Utapeli wa kawaida zaidi hauhitaji akili nyingi: mtu hupanga chumba kwa mwezi mmoja, akajifanya mwenye nyumba, akakipangisha kwa watu watatu kwa wiki moja na kutoweka na kodi zao za miezi sita. Unazuiwa kwa kuzungumza na wapangaji wengine wa nyumba hiyo bila dalali kuwepo, kisha kwa kupita ofisi ya serikali ya mtaa na kuuliza nyumba ni ya nani. Mjumbe wa nyumba kumi naye humjua kila mtu, ingawa yafaa kukumbuka kwamba yeye ni kiongozi wa chama cha siasa. Muhuri unaotafutwa ni wa serikali ya mtaa.

Nyumba ya urithi inahitaji uangalifu wa peke yake, na Dar es Salaam nyumba za urithi ni nyingi, hasa za Kiswahili zenye vyumba sita na ukumbi katikati huko Kariakoo, Ilala, Temeke na Magomeni. Baba amefariki, watoto ni saba, na anayepokea kodi ni yule anayeishi pale. Siku ndugu wengine wanapokuja na madai yao, aliyelipa kodi ya mwaka kwa kaka mmoja hana wa kumdai. Mwenye mamlaka ya kupangisha nyumba ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na barua yake ya uteuzi ndiyo ya kuonwa, tena kwa macho. Kama familia haijafungua mirathi, mpangaji apunguze muda wa malipo ya awali hadi kiwango anachoweza kukipoteza bila kuanguka.

Ukaguzi wa chumba chenyewe ufanywe mara mbili: mchana kuona nyufa na alama za maji ukutani, usiku kusikia mtaa. Alama ya maji iliyonyooka kwa usawa mmoja kuzunguka chumba ni ya mafuriko, haitokani na bati linalovuja. Bonde la Msimbazi limefundisha hilo kwa gharama kubwa. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 waathirika wengi walihamishiwa Mabwepande, mbali na kila walichokizoea, na vyumba vya bondeni vikaendelea kupangishwa kwa wengine. Wakati mzuri wa kutafuta chumba ni masika, ijapokuwa ndio wakati ambao hakuna anayependa kutembea.

Mkataba wa pango usiozidi mwaka mmoja sheria inauruhusu hata kwa mdomo. Hilo ni la kujua kwa sababu mbili: aliyepewa chumba kwa mdomo bado ni mpangaji halali, na bado hana cha kuonesha. Karatasi moja inatosha ikiwa ina majina kamili na namba za vitambulisho vya taifa vya pande zote mbili, mahali nyumba ilipo, kiasi cha kodi kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe ya kuanza na kuisha, na saini za mashahidi, mmoja wa kila upande. Yanayosahaulika ni mengine. Nani hutengeneza bomba, choo na bati, na ndani ya siku ngapi? Kodi inaweza kupanda lini, na kwa taarifa ya muda gani? Mpangaji akilazimika kuhama baada ya miezi miwili kati ya sita aliyolipa, hurudishiwa nini? Mkataba usiojibu swali la mwisho humaanisha kwamba harudishiwi kitu, hata kama sheria inaweza kusema vingine. Mkataba ambao haujalipiwa ushuru wa stempu unaweza kukataliwa kuwa ushahidi mpaka ushuru ulipwe, hivyo wenye kodi kubwa wasiahirishe hatua hiyo. Malipo yapite benki au kwa simu, kwa namba iliyoandikwa mkatabani. Anayelipa taslimu asiondoke bila risiti, hata ya daftari la shule. Siku ya kuingia, picha za kuta, dari, sinki na kitasa zichukuliwe mwenye nyumba akiwepo, kisha atumiwe hapo hapo.

Umeme ndio chanzo cha ugomvi mwingi kuliko kodi yenyewe. Katika nyumba yenye mita moja, wapangaji huchanga kwa kichwa au kwa chumba, na mwenye friji hulaumiwa na mwenye taa mbili. Kuna hasara nyingine isiyoonekana. Mteja wa majumbani anayetumia chini ya uniti 75 kwa mwezi huweza kuwa katika daraja la bei nafuu, ambalo kwa kila uniti ni sehemu ndogo tu ya bei ya kawaida. Vyumba sita vinapotumia mita moja, vyote huvuka kiwango hicho na kila mmoja hulipa bei ya juu, hata bibi mwenye taa moja. Mita ndogo ya kila chumba huondoa ugomvi lakini haiondoi hasara hiyo. Ni mita kamili ya TANESCO ya kila chumba tu inayoiondoa. Chumba chenye luku yake, yaani mita yake ya kulipia umeme kabla, kinaweza kwa hiyo kustahili kodi kubwa kidogo.

Kwenye luku hiyo hiyo kuna deni lisilo la mpangaji. Tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa kwenye ununuzi wa umeme, kwanza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na baadaye 1,500, na ghorofa hulipa zaidi. Kodi hiyo ni ya mmiliki. Anayenunua umeme kwa mita inayokatwa aweke ujumbe wa kila ununuzi na kukata kiasi hicho kwenye kodi ya pango ya kipindi kinachofuata, jambo ambalo liandikwe kwenye mkataba mapema. Wengi huliacha kwa aibu, kwa kuwa 1,500 inaonekana ndogo, lakini kwa mwaka ni 18,000, na kwa mpangaji wa chumba kimoja hizo ni gharama za maji ya miezi kadhaa.

Ugomvi ukishindikana nyumbani, njia ina mpangilio wake. Serikali ya mtaa husuluhisha mengi kwa siku moja na haidharauliki. Baraza la Kata, kwa mabadiliko ya sheria ya 2021, limebaki na kazi ya usuluhishi, na suluhu isipopatikana ndani ya siku 30 mlalamikaji anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mwenye nyumba hana mamlaka ya kung'oa mlango, kuezua bati au kutupa vyombo nje, hata kodi ikiwa imechelewa. Anapaswa kutoa notisi ya maandishi na kufuata utaratibu. Mpangaji anayelipa mwezi kwa mwezi bila muda uliotajwa anastahili notisi isiyopungua kipindi hicho cha malipo. Upande wa pili nao una haki yake: mpangaji anayejificha nyuma ya notisi ili akae miezi mitatu bure hujifungia milango mtaa mzima, kwa sababu wenye nyumba huulizana.

Nyumba za Shirika zilizobaki zinastahili kuombwa, lakini kwa matarajio ya kawaida. Maombi hupelekwa ofisi za Shirika za mkoa, na subira huwa ndefu. Hatari iko mitaani, ambako chumba cha Shirika "huuzwa" kwa kilemba na mpangaji anayehama. Kinachouzwa hapo hakipo: upangaji wa Shirika hauhamishwi na mpangaji, na aliyelipa kilemba huweza kutolewa bila fidia. Nyumba mpya za kuuza, ukiwemo mradi uliozinduliwa Kawe 2022 kwa jina la Samia Housing Scheme, zina wanunuzi wake, lakini mwenye kipato cha biashara ndogo hayumo. Mikopo ya benki ya nyumba ilifunguliwa njia kwa sheria ya 2008, na bado inawafikia watu elfu chache nchi nzima, kwa riba za tarakimu mbili na kwa masharti ya mshahara rasmi.

Hivyo wengi hujenga wenyewe, kidogo kidogo, na huko ndiko hasara kubwa zaidi hutokea. Ardhi ya pembezoni huuzwa kwa hatua: ishirini kwa ishirini, thelathini kwa ishirini. Hatua ni ya mguu wa muuzaji. Kabla ya fedha, kiwanja kipimwe kwa mita na mpima mwenye leseni, ambaye vilevile huweza kusema kama eneo limo katika mpango wa mipangomiji au limetengwa kwa shule na barabara. Kilichopimwa kifanyiwe upekuzi ofisi ya ardhi ili kuona jina la mmiliki, rehani na mazuio. Leseni ya makazi ni waraka halali lakini wa muda mfupi, haina uzito wa hati ya miaka 33, 66 au 99. Muuzaji mwenye mke au mume alete ridhaa ya mwenzake kwa saini, kwa kuwa nyumba ya ndoa haiwezi kuuzwa na mmoja peke yake. Mashahidi wawe majirani wa mipaka yote minne. Wao ndio watakaokuwepo mipaka ikigombaniwa miaka kumi baadaye. Panapodaiwa asilimia kumi ya bei kwa ajili ya ofisi ya mtaa, iombwe risiti ya halmashauri. Dai hilo mara nyingi hunyamaza hapo.

Hakuna karatasi ya mtaa inayohalalisha nyumba ndani ya hifadhi ya barabara. Mwaka 2017, katika upanuzi wa Barabara ya Morogoro, nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilipigwa alama ya X nyekundu na kubomolewa, zikiwemo za watu walioishi hapo miongo mingi na kulipia umeme na maji. Vivyo hivyo chini ya nyaya kubwa za umeme, na ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Bei ya kiwanja inapokuwa nusu ya majirani, sababu kwa kawaida ni mojawapo ya hizo.

Katika ujenzi wenyewe, mpangilio wa ununuzi hulinda fedha. Matofali na kokoto hungoja, saruji haingoji: mfuko uliokaa miezi mitatu kwenye unyevu wa pwani huanza kuwa jiwe. Nondo zilizolala nje masika mawili hutoka na kutu. Tofali likidondoshwa kutoka usawa wa kiuno na kuvunjika vipande, mfyatuaji amelinyima saruji, na punguzo lake la bei limeliwa. Wengi humaliza boma la vyumba vinne na kukwama kwenye kupaua kwa miaka, huku wakiendelea kulipa kodi mjini. Wenye uzoefu huchora nyumba nzima, wakajenga kwanza chumba kimoja, choo na jiko upande wa nyuma, wakahamia humo, na kodi waliyokuwa wakilipa ikawa bati la vyumba vinavyofuata.

Ushirika ni njia isiyotumika vya kutosha. Upanuzi wa bandari ulipowaondoa wakazi wa Kurasini, kikundi kilichojengwa kwa akiba ndogo ndogo za wapangaji, ambao kwa kawaida hawalipwi fidia ya nyumba wasiyoimiliki, kilinunua ekari 30 Chamazi na kuanza kujenga humo nyumba za gharama ndogo kwa matofali ya kufungamana yaliyofyatuliwa na wanachama wenyewe. Nguvu ya mpango ilikuwa katika daftari la akiba lililokuwepo kabla ya ardhi; vikundi vinavyoanza kwa kununua shamba na kutafuta nidhamu baadaye huishia kwenye mgao wa hatua na kesi. Katiba ya ushirika iseme wazi nini hutokea kwa kiwanja cha mwanachama aliyeacha kuchanga, na kwa warithi wa aliyefariki. Udhaifu wa Chamazi ulikuwa umbali: waliozoea kutembea kwa miguu hadi bandarini kutafuta kibarua walijikuta kwenye daladala alfajiri. Hesabu ya nauli inayofanywa na mtu mmoja kabla ya kupanga chumba inafaa kufanywa na kikundi kizima, kwa kuandika mahali pa kazi pa kila mwanachama, kabla ekari ya kwanza haijalipiwa.